Dakika Kumi Ndani ya Mkaa

Alhamisi ya tarehe 9 Januari 2014, wakazi wa Charleston, makao makuu ya jimbo la West Virginia nchini Marekani, waliamka wakasikia harufu tamu hewani, harufu kama ya pipi. Simu zikaanza kupigwa. Wakaguzi walioifuata harufu hiyo walifika ukingoni mwa mto Elk, kwenye yadi ya matangi ya kampuni ya Freedom Industries, wakakuta tangi moja limetoboka sakafuni na dawa ya kuoshea makaa ya mawe inachuruzika kuelekea mtoni. Kidakio cha maji ya mji kilikuwa kilometa mbili na nusu tu kutoka hapo, upande wa chini wa mto huohuo.

Jioni ile watu wapatao 300,000 katika kaunti tisa waliambiwa wasiyanywe maji ya bomba, wasiyapikie, wala wasiyaogee. Yalibaki ya chooni na ya kuzimia moto.

Msikilizaji anaweza kudhani mtambo ule haukuwa na kinga. Ulikuwa nayo. Vichujio vyake 16 vilikuwa na kaboni amilifu, ule mkaa maalumu unaosifika duniani kote kwa kunasa kemikali ndani ya maji, na wahudumu wakaongeza kaboni ya unga juu yake. Dawa ikapita. Kaboni ilinasa ilichoweza, ikashiba, na miezi michache baadaye ikabidi iondolewe yote na kuwekwa mpya, chujio moja baada ya jingine.

Maji yale yenye dawa yaliendelea na safari: kutoka Elk yakaingia mto Kanawha, kutoka Kanawha yakaingia Ohio, yakateremka hadi Cincinnati. Huko wahandisi walikuwa wanayasubiri. Walifunga vidakio vyao, wakauhudumia mji kwa maji ya akiba, wakaacha uchafu upite. Na nyuma ya uamuzi huo palikuwa na kinga nyingine waliyoijenga miaka mingi kabla. Februari 1977 tani zipatazo 70 za kaboni tetrakloridi zilikutwa zikiteremka na mto Ohio, na mji ukajifunza kwamba jirani wa juu ya mto anaweza kukunywesha chochote. Mwaka 1992 Cincinnati ilifungua mtambo wa kaboni wa pekee yake. Matangi makubwa ya kina kirefu yamewekwa baada ya vichujio vya mchanga, maji hupewa kama dakika 15 ndani ya kaboni, na kuna tanuri palepale za kuchoma upya kaboni iliyoshiba ili irudi kazini.

Miji miwili, mfumo mmoja wa mito, na mkaa wa aina moja. Kilichoitofautisha, mbali na muda wa kujiandaa, ni namna tangi lilivyobuniwa, na hilo ndilo linalostahili kuzungumzwa leo, kwa sababu wanunuzi wengi wa mitambo ya maji huuliza sana juu ya mkaa na kuuliza kidogo mno juu ya tangi linaloubeba.

Kwanza mkaa wenyewe. Hutengenezwa kwa makaa ya mawe, kwa mbao, au kwa vifuu vya nazi, vilevile vinavyotupwa kwa malundo katika pwani yetu na ambavyo Sri Lanka, Ufilipino na India wamevifanya kuwa biashara ya kimataifa. Malighafi huchomwa bila hewa ya kutosha, kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto linalokaribia nyuzi 1,000. Mvuke hula mkaa kutoka ndani na kuacha vitundu, vingi vyao vyembamba kuliko nanomita mbili. Matokeo yake ni kwamba gramu moja ya punje hizo huwa na uso wa takriban mita za mraba 1,000, karibu zote zikiwa zimefichwa ndani. Molekuli ya uchafu ikifika kwenye kuta hizo hunata. Haimezwi wala haivunjwi. Inanata tu, na ikipata sababu inaweza kubanduka.

Tazama sasa kinachotokea kwa tone la maji. Limeingia juu ya tangi, linateremka kati ya punje zenye ukubwa wa kati ya nusu milimita na milimita mbili. Molekuli ya uchafu iliyomo ndani yake ina safari mbili: kwanza ivuke utando mwembamba wa maji unaoizunguka punje, kisha ijipenyeze ndani, kitundu hadi kitundu, mpaka ipate ukuta ulio wazi. Safari hiyo ya pili ni ya polepole. Maji yakikimbia, molekuli huondoka na mkondo kabla haijaingia ndani.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha mhandisi ni muda. Huchukua ujazo wa kaboni, akaugawa kwa kiasi cha maji yanayopita kila dakika. Tuchukue mtambo mdogo wa mji unaosukuma lita 60,000 kwa saa, yaani lita 1,000 kwa dakika. Akitaka maji yapate dakika 10, anahitaji mita 10 za ujazo za kaboni, ambazo ni uzito wa tani nne na nusu hadi tano. Hesabu hii huitwa muda wa tangi tupu, kwa kuwa inafanywa kana kwamba hakuna punje ndani. Punje zenyewe hujaza zaidi ya nusu ya nafasi, hivyo maji hugusana na mkaa kwa dakika nne au tano tu za kweli. Ukiweka tabaka jembamba la kaboni juu ya mchanga wa chujio la zamani, kama ilivyozoeleka miji mingi kwa ajili ya kuondoa harufu na ladha, unapata pungufu sana ya hapo. Tabaka hilo hufanya kazi nzuri siku za kawaida. Siku tangi la jirani linapotoboka, halitoshi.

Umbo nalo lina neno lake. Mita zilezile 10 za ujazo zinaweza kukaa kwenye tangi pana lenye eneo la mita za mraba sita na kina cha mita moja na sentimita 67, au kwenye tangi jembamba lenye nusu ya eneo hilo na kina mara mbili. Muda ni uleule kabisa. Lakini katika tangi jembamba maji hukimbia mara mbili zaidi, ule utando unaozunguka punje hupungua unene, na maji hutawanyika vizuri badala ya kutafuta njia ya mkato pembeni. Gharama yake ni pampu: mkaa mrefu hubana maji, na umeme wa kuyasukuma hulipwa kila mwezi. Anayebuni mtambo wa mji ambao umeme wake hukatika mara kwa mara ana sababu nzuri ya kuchagua tangi lenye upana wa wastani na punje kubwa kidogo.

Kuna jambo la ndani zaidi, na ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi. Tangi halishibi lote kwa pamoja. Sehemu ya juu hushiba kwanza, na chini yake hufuata ukanda unaofanya kazi, ambamo uchafu unapungua kutoka wingi wake wote hadi karibu sifuri. Chini ya ukanda huo kaboni bado ni mpya. Siku zinavyokwenda ukanda huteremka. Ncha yake inapofika sakafuni, uchafu huanza kuonekana kwenye maji yanayotoka, na kisheria tangi limeisha. Lakini ndani ya ukanda wenyewe bado kuna kaboni iliyojaa nusu au robo tu. Mwenye tangi moja huitupa yote. Kama kemikali ni ya kunasika taratibu na tangi ni fupi, ukanda unaweza kuwa na urefu unaokaribia kina kizima, na hapo fedha inayotupwa ni nyingi kuliko iliyotumika.

Hesabu ya kwanza iliyofahamika sana ya mwendo huo ilitolewa mwaka 1920 na G. S. Bohart na E. Q. Adams. Wao hawakuwa wakichunguza maji. Walikuwa wakipima klorini inavyopita kwenye mkaa, muda mfupi baada ya vita ambavyo askari walivishwa vinyago vyenye mkaa ili wasife kwa gesi. Mlinganyo wao bado unatumiwa na wahandisi wa maji leo, na swali lake ni lilelile: itachukua muda gani kabla sumu haijatokea upande wa pili? Matangi ya kwanza ya kaboni ya punje kwa maji ya mji yalifuata muda mfupi baadaye, Hamm nchini Ujerumani mwaka 1929 na Bay City, Michigan, mwaka 1930.

Dawa ya ule upotevu wa ukanda ni rahisi kuieleza: weka matangi mawili mfululizo. La kwanza hupokea uchafu wote na kuachwa lishibe kwelikweli, hata baada ya uchafu kuanza kutokea chini yake, kwa sababu la pili lipo kuudaka. La kwanza likishiba, kaboni yake hubadilishwa, kisha zamu hugeuzwa: lililokuwa la pili linakuwa la kwanza, na lile jipya linakaa mwisho kulinda. Kinachohitajika ni mabomba ya ziada na vali za kugeuza mkondo. Kwa mtambo mdogo, huu ndio uboreshaji wenye faida kuliko wowote, na inasikitisha kuona michoro ya miradi ikipunguza tangi la pili ili bei ya zabuni ishuke.

Mitambo mikubwa ina njia nyingine. Wilmington, mji wa bandari katika jimbo la North Carolina, huchota maji yake kwenye mto Cape Fear. Juu ya mto huo, upande wa Fayetteville, kuna kiwanda kilichokuwa cha DuPont na ambacho tangu 2015 ni cha Chemours. Mwaka 2016 watafiti, akiwemo Detlef Knappe wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba maji ghafi ya mtambo mmoja chini ya kiwanda yalikuwa na wastani wa nanogramu 631 kwa lita za kemikali iitwayo GenX, mojawapo ya familia ya PFAS isiyooza. Usafishaji wa kawaida haukuigusa. Juni 2017 gazeti la mji, StarNews, lilipoandika habari hiyo, watu waligundua kwamba walikuwa wameinywa bila kuambiwa.

Wilmington hawakukimbilia dukani. Walijaribu kwanza, kwa minara midogo ya kaboni iliyolishwa maji yao wenyewe, kisha wakajenga. Oktoba 2022 mtambo wa Sweeney uliwasha vichujio vinane vya kina kirefu, vyenye karibu pauni milioni tatu za kaboni, ambazo ni zaidi ya kilo milioni 1.3. Ujenzi uligharimu zaidi ya dola milioni 40, na gharama hiyo iliingia kwenye bili za wakazi, ingawa kesi dhidi ya kiwanda ilikuwa imefunguliwa tangu 2017. Vichujio vile hufanya kazi sambamba, na kaboni hubadilishwa katika kimoja baada ya kingine. Hapo kuna akili. Kaboni ya vichujio ikiwa na umri tofauti, maji ya kilichokaribia kushiba huchanganyika na ya kilichotoka kujazwa, na mchanganyiko hubaki ndani ya kipimo. Kila chujio hutumika hadi karibu na mwisho wake bila mwananchi kupewa maji mabaya.

Lakini PFAS imewafundisha wahandisi jambo gumu. Familia hii ina molekuli ndefu na fupi. Ndefu hunata kwa nguvu. Fupi hunata kwa shida. Tangi likiwa jipya zote zinanaswa. Baada ya muda ndefu zinazoendelea kuingia huzibandua zile fupi kutoka kwenye nafasi zao na kuzisukuma chini, hivi kwamba kwa kipindi fulani maji yanayotoka huwa na kemikali fupi nyingi kuliko yaliyoingia. Mtu akipima kemikali moja tu iliyotajwa na sheria, hataliona hilo. Marekani iliweka mwaka 2024 kikomo cha nanogramu nne kwa lita kwa PFOA na PFOS, zote mbili za aina ndefu. Mbunifu anayetazama hizo mbili peke yake atachora tangi litakalopita mtihani huku likiruhusu fupi zipite.

Adui mwingine hana jina la kutisha. Ni rangi ya kahawia ya maji ya mto, mabaki ya majani na udongo yaliyoyeyuka, ambayo wingi wake huweza kuzidi sumu inayotafutwa mara maelfu. Molekuli zake ni kubwa, haziwezi kuingia vitundu vya ndani, zinakwama kwenye midomo yake kama abiria anayesimama mlangoni mwa daladala ilhali viti vya nyuma viko wazi. Ndiyo sababu kaboni isiwekwe mwanzo wa mtambo. Iwekwe baada ya shabu, baada ya kutuamisha, baada ya mchanga, ili ipokee maji ambayo tayari yamepunguziwa mzigo. Na ikiisha kuwekwa, isioshwe kwa kurudisha maji nyuma kila wiki kama mchanga unavyooshwa. Kuosha kwa mara ya kwanza ni lazima, kwani huondoa vumbi na kupanga punje. Kuosha mara kwa mara huvuruga tabaka, huleta punje zilizoshiba chini karibu na mlango wa kutokea, na ule ukanda uliokuwa umejipanga vizuri unapotea.

Hapa ndipo karatasi za wauzaji zinapopotosha. Namba inayotangazwa kuliko zote ni ya iodini: miligramu ngapi za iodini zinanaswa na gramu moja ya kaboni, aghalabu kati ya 900 na 1,100. Iodini ni molekuli ndogo sana. Namba kubwa inasema kuna vitundu vidogo vingi, basi. Kaboni ya vifuu vya nazi hung'ara katika kipimo hicho na hufanya kazi bora kwa maji safi ya kisima yenye kemikali ndogo kama klorofomu. Kwenye maji ya mto yenye kahawia, au kwa PFAS, majaribio mengi yameonyesha kaboni ya makaa ya mawe, yenye vitundu vya kati vingi zaidi, ikidumu muda mrefu zaidi. Namba ya iodini haiwezi kumwambia mnunuzi hayo. Maji yake mwenyewe ndiyo yatakayomwambia.

Tena kuna njia ya kuyauliza bila kusubiri mwaka mzima. Katika miaka ya 1980 John Crittenden na wenzake walibuni jaribio la mnara mdogo wa haraka: kaboni husagwa hadi punje ndogo sana, hujazwa kwenye bomba jembamba, na maji halisi ya mji hupitishwa humo. Kwa kuwa punje ni ndogo, safari ya kuingia ndani ni fupi, na kinachochukua miezi kwenye tangi kubwa huonekana kwa siku au wiki. Jaribio hilo huelekea kuipendelea kaboni kidogo, kwa sababu ule uchafu wa majani haupati muda wa kuziba vitundu kama ungefanya kwa miezi, na mhandisi makini hupunguza matumaini yake kwa kiasi fulani. Hata hivyo ni heri makisio yaliyopimwa kwa maji yako kuliko kijitabu kilichoandikwa kwa maji ya mto wa mtu mwingine.

Afrika Mashariki suala hili linagusa kwa namna yake. Dar es Salaam na Nairobi vichujio vya nyumbani vyenye kaboni vinauzwa madukani, na mnunuzi anastahili kuelezwa vitu vitatu. Kaboni haiondoi chumvi ya kisima. Haiui vijidudu, tena huvunja klorini iliyokuwa ikivizuia, hivyo vijidudu vinaweza kuzaliana ndani ya chujio lililosahaulika. Na haiondoi floraidi kwa kiasi cha kutegemewa, ile inayopaka meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto katika Bonde la Ufa.

Kwa floraidi kuna mkaa mwingine, wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha, na kitengo cha maji cha Jimbo Katoliki la Nakuru, wameufanyia kazi kwa miaka mingi. Kinachonasa floraidi humo ni madini ya fosfati ya mfupa, siyo kaboni, na moto wa tanuri ukizidi mfupa hupoteza uwezo. Lakini likishajazwa, tangi la mifupa hutii kanuni zilezile za Cincinnati na Wilmington. Lina muda wake wa kugusana, lina ukanda unaoteremka, na siku moja litaanza kutoa floraidi juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani, bila kubadilisha rangi, ladha wala harufu ya maji.

Kwa hiyo anayechora tangi jipya, la mifupa au la vifuu, na aongeze kitu kimoja ambacho bei yake ni ndogo kuliko vyote vilivyotajwa: koki za kuchukulia sampuli ubavuni, moja kwenye robo ya kina, moja nusu, moja robo tatu, kisha ile ya mwisho kwenye bomba la kutokea. Uchafu ukionekana kwenye koki ya robo mwezi wa pili na kwenye ya nusu mwezi wa nne, mhudumu anaweza kukadiria kwamba ukanda utafika chini kati ya mwezi wa saba na wa tisa. Kaboni mpya, kama inatoka ng'ambo kupitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, itaagizwa wakati koki ya nusu inapoanza kuonyesha uchafu.